Chumvi si mboga: familia zilizokimbia vita nazo zilinde moyo

Baraka, wilaya ya Fizi, Kivu Kusini



Kwetu Fizi tukitaja magonjwa, tunaanza na kipindupindu, kisha malaria, surua na utapiamlo wa watoto. Ni haki, maana hayo yanaua haraka na kila mtu anayaona. Lakini kuna ugonjwa mwingine ambao hauleti homa wala kuharisha, na hakuna anayeujengea mahema pembeni ya hopitali. Ni ugonjwa wa moyo na mishipa ya damu, na mlango wake mkubwa ni tansio, yaani shinikizo la damu kupanda.

Maoni yangu leo ni haya: katika sufuria ya familia iliyokimbia, chumvi imechukua nafasi ya mboga, na jambo hilo linaharibu moyo polepole. Sehemu ya dawa iko mikononi mwetu sisi wapishi na walaji. Sehemu nyingine iko mikononi mwa serikali na mashirika, na ni lazima tuwaambie.

Mtu akianguka ghafla

Tunayajua haya. Mzee amekwenda shamba asubuhi, jioni upande mmoja wa mwili umekufa na mdomo umepinda. Au mama amelala mzima, asubuhi hakuamka. Mara maneno yanaanza: amepewa sumu, amerogwa, ni jirani, ni mke mwenzake, ni yule bibi wa nyumba ya pili. Kilio hakijaisha, tayari kuna mtu ameshafuata mpiga ramli. Tuhuma ya namna hiyo inaweza kuvunja ukoo mzima, na inaweza kumfikisha asiye na hatia kwenye fimbo na moto.

Sisemi kila kifo cha ghafla ni cha moyo. Nasema kwamba mbele ya kumtaja jirani, tuulize kwanza: marehemu alipimwa tansio lini mara ya mwisho? Mara nyingi jibu ni kwamba hakupimwa hata siku moja. Tansio haiumi. Mtu anaweza kukaa nayo miaka kumi akilima, akivua, akibeba mzigo, na asijue. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye tansio duniani hawajui kwamba wanayo. Shirika hilo hilo lilihesabu kwamba mwaka 2019 magonjwa ya moyo na mishipa yaliua watu karibu milioni 17.9, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilikuwa katika nchi maskini na zile za kipato cha kati. Basi tuache kusema kwamba ni ugonjwa wa matajiri wenye tumbo kubwa.

Zamani haikuwa hivi

Mwaka 1929 daktari Mwingereza C. P. Donnison aliandika katika jarida la The Lancet habari za watu 1,000 aliowapima magharibi ya Kenya, upande wa Ziwa Viktoria. Kwa Wazungu tansio ilipanda kadiri mtu alivyozeeka. Kwa watu wale haikupanda. Walikula nafaka, majani ya mboga, maharagi na samaki, na chumvi ilikuwa kidogo sana.

Halafu miaka ikapita, watu wakaanza kuhama. Mwaka 1990 jarida la kiganga la BMJ lilichapisha utafiti mwingine wa Kenya. Watafiti waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Ndani ya miezi michache tu, tansio ya waliohama ilikuwa juu kuliko ya waliobaki. Walipopima mkojo wao walikuta chumvi imeongezeka na potasiamu imepungua. Potasiamu ni madini yanayopatikana katika majani ya mboga, maharagi, ndizi na viazi vitamu, na husaidia mwili kutoa chumvi ya ziada.

Watu wale hawakukimbia bunduki, walikwenda kutafuta kazi. Lakini wanatufundisha jambo moja la maana kwetu sisi watu wa kuhamahama kwa lazima. Damu yao haikubadilika njiani, wala hawakurogwa walipofika mjini. Sufuria yao ndiyo iliyobadilika, na moyo ukafuata.

Sufuria ya nyumbani na sufuria ya kambini

Tuangalie sasa chakula chetu. Mtu wa Fizi aliyekaa kwake kwa amani alikula nini? Ugali wa muhogo, sombe iliyotwangwa na kuiva vizuri, lengalenga, matembele, maharagi, ndagala na mukeke kutoka ziwani, ndizi, karanga, embe na avoka katika majira yake. Mafuta ya mawese yalikuwepo, lakini mwili ulifanya kazi kuanzia alfajiri. Chakula hicho kilikuwa na mapungufu yake, hasa kwa watoto wadogo. Kwa moyo, hata hivyo, kilikuwa chakula kizuri, na wataalamu wa leo wangekisifu.

Sasa tazama familia iliyoshuka kutoka milima ya Itombwe, Minembwe au Bijombo. Ongeza familia zilizopokea wageni tangu mwaka 2025, vita vilipochukua Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, na watu wengi wakasukumwa kuelekea kusini. Ongeza na ndugu zetu Warundi walioko Lusenda na Mulongwe. Shamba limebaki nyuma. Mbuzi na ng'ombe wamebaki au wameporwa. Kila jani la mboga lazima linunuliwe, na pesa hakuna. Mama anafanya nini? Anapika ugali, anachemsha maji na nyanya moja, anatia chumvi ya kutosha na kube mbili za mchuzi ili watoto wapate kumeza. Anayefanya hivyo si mjinga. Anatafuta ladha kwa pesa ndogo aliyo nayo, na chumvi ndiyo ladha ya bei rahisi kuliko zote.

Wengi wetu tunaijua hali hii tangu Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania, tulipokimbilia kuanzia mwaka 1996. Mgao wa chakula wa mashirika hupangwa kwa kawaida hivi kwa mtu mmoja kwa siku: nafaka au unga gramu 400 hivi, maharagi gramu 60 hivi, mafuta gramu 25 hivi, na chumvi gramu 5. OMS inashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai kisicho na kilima, kutoka kila anachokula. Inashauri pia gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Angalia mgao ule tena: chumvi ya kikomo imo yote, mboga na matunda hakuna hata gramu moja.

Chumvi ya mgao haikuwekwa kwa makosa. Ina iodi, na iodi inazuia rovu, ule uvimbe wa shingo ambao zamani ulikuwa mwingi sana kisiwani Idjwi. Kwa hiyo sisemi tutupe chumvi. Nasema ile gramu 5 tayari imejaza kipimo, halafu juu yake tunaongeza kube ambayo karibu nusu ya uzito wake ni chumvi, tunaongeza makayabu, na wengine wanaongeza chumvi tena mezani. Chumvi nyingi huvuta maji ndani ya damu. Damu inakuwa nyingi katika mishipa ile ile, mishipa inakazwa, moyo unasukuma kwa nguvu usiku na mchana. Mwisho moyo unachoka, au mfereji wa damu unapasuka au kuziba katika ubongo, na hapo ndipo mtu anapooza.

"Unamwambia nani ale vizuri?"

Najua swali litakalokuja, na ni swali la haki. Mama aliyelala njaa jana atauliza: wewe mwandishi, unaniambia nile vizuri wakati sina hata cha kula vibaya? Kwake jibu langu la kwanza ni kwamba apate chakula, na wa kumjibu hapo si yeye, ni wale wenye wajibu, nitawafikia. Lakini kuna mambo ambayo hayahitaji pesa, na mengine yanapunguza matumizi. Nitayataja jinsi ninavyojua maisha ya hapa.

Kwanza, punguza kube na chumvi polepole. Kama ulitia kube mbili, tia moja kwa wiki mbili, halafu nusu. Ulimi unazoea. Ukitia kube, usitie chumvi tena. Ladha itafute kwenye kitunguu, nyanya, pilipili, tangawizi na ndimu. Familia ya watu wazima sita isipite vijiko sita vidogo vya chumvi kwa siku nzima, ukihesabu na ile iliyomo katika kube na samaki. Mtoto mdogo apate chini ya hapo.

Pili, makayabu na samaki wowote wa chumvi waloweke usiku kucha na kumwaga maji mara mbili au tatu mbele ya kupika. Ndagala waliokaushwa kwa jua bila chumvi ni bora zaidi, na samaki wa ziwani ni rafiki wa moyo. Ukinunua sokoni Baraka, onja mmoja: ulimi utakwambia kama ametiwa chumvi.

Tatu, mawese. Hapa nitawaudhi wengine, maana pwani yetu ya Mboko, Swima na Nundu ni nchi ya michikichi. Mafuta mekundu ya mawese yana vitamini A kwa wingi, na hiyo ni baraka kwa macho ya watoto. Lakini karibu nusu yake ni mafuta mazito ya aina inayoweza kuziba mishipa yakizidi. Kijiko kimoja katika sahani ya sombe kinatosha. Si lazima mafuta yaelee. Na usiyachome mpaka yawe meupe, maana hapo unaua ile vitamini na kubaki na uzito peke yake. Mafuta ya kukaangia mandazi na samaki yasirudiwe siku baada ya siku mpaka yawe meusi.

Nne, mboga za majani. Lengalenga inakua haraka: majani ya kwanza unaweza kuyavuna ndani ya mwezi mmoja hivi. Mwenye nafasi ya mlango tu anaweza kuipanda katika gunia lenye udongo na samadi, akalimwagia maji yaliyosafishia mboga au mchele. Matembele yanashika kwa kupanda kipande cha mti wake tu. Kule Nyarugusu wapo waliokula mchicha wa nyuma ya nyumba yao miaka mingi, na mchicha ni lengalenga hii hii. Sombe nayo, hata ukiipika na karanga kidogo badala ya mafuta mengi, ni chakula cha heshima. Lakini itwange na kuichemsha vizuri kama mama zetu walivyotufundisha, maana jani bichi la muhogo lina sumu.

Tano, maharagi. Wengi wameacha kuyapika kwa sababu kuni ni ghali na njia ya kuni ni hatari kwa wanawake. Yaloweke tangu jioni. Asubuhi yataiva kwa kuni chache. Maharagi yanajaza tumbo, yanasaidia kushusha mafuta mabaya katika damu, na yana ile potasiamu niliyotaja.

Sita, chai ya sukari vijiko vinne na soda. Sukari nyingi inaleta kisukari, na kisukari na tansio ni ndugu wawili wanaotembea pamoja. Pesa ya soda moja inunue mafungu ya lengalenga.

Saba, na wanaume wanisikilize: lutuku, kanyanga na tumbaku vinapandisha tansio na kuharibu mishipa. Baba anayepunguza kanyanga analinda moyo wake na pia anaiachia sufuria ya mama pesa.

Kuna neno kwa wagonjwa. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na muganga mbele ya kubadilisha chakula. Na mwenye dawa za tansio asiziache kwa kuwa anajisikia mzima. Chakula kinasaidia dawa, hakichukui nafasi yake. Waganga wetu wengi husema "kumi na nne kwa tisa": hiyo ni 140 kwa 90, na ukipimwa siku mbalimbali na kukutwa hapo au juu, una tansio. Andika jina la dawa yako kwenye karatasi na uiweke pamoja na karata ya uchaguzi. Siku ya kukimbia utabeba karatasi hiyo, na kituo kingine cha afya kitajua pa kuanzia.

Wenye wajibu nao waguswe

Haingekuwa haki kuwapa mama zetu masomo saba na kuwaacha wakubwa bila hata moja.

Mashirika yanayogawa chakula au pesa: ongezeni mbegu za lengalenga, matembele, biringanya na bamia katika mgao, pamoja na magunia na jembe dogo. Ni vitu vyepesi kubeba kuliko unga. Palipo na ugawaji wa pesa, wekeni wauza mboga wa kwetu katika orodha ya wauzaji, siyo wenye maduka ya unga na mafuta peke yao.

Vituo vya afya na wanaovisaidia: kila mtu aliyepita miaka arobaini anayekuja kwa malaria, apimwe tansio kabla ya kurudi nyumbani. Mashine ni ndogo na kupima kunachukua dakika chache. Mama mwenye mimba apimwe kila mara anapokuja, maana tansio ya mimba inaua mama na mtoto pamoja. Na dawa za tansio zisihesabiwe kama anasa wakati wa dharura. Mgonjwa aliyekata dawa wiki tatu kwa sababu ya kukimbia yuko katika hatari kama mwenye jeraha.

Serikali na wenye silaha wote: moyo wa raia unaanzia barabarani. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu vizuizi 798 barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Kila kizuizi kinakula kitu. Mama anayetoa mboga na maharagi shambani kuja Baraka akilipa hapa na pale, atapandisha bei au ataacha kuja. Chumvi na kube hazina shida hiyo: ni ndogo, hazioozi, mchuuzi anazificha katika mfuko. Ndiyo maana zinafika mpaka kijiji cha mwisho wakati nyanya inaoza njiani. Atakayeondoa kizuizi kimoja cha pesa kati ya shamba na soko atakuwa amegawa mboga kwa familia nyingi. Na mkulima akirudi salama shambani kwake, hatahitaji mtu wa kumfundisha kula.

Viongozi wa makanisa, misikiti na mitaa, ninyi mnasikilizwa kuliko mimi. Mkizika mtu aliyeanguka ghafla, semeni neno la tansio palepale kaburini, mbele ya uvumi kufika sokoni. Neno hilo linaweza kuokoa walio hai mara mbili: kwa ugonjwa, na kwa tuhuma za uchawi.

Ndugu zangu, watoto waliozaliwa katika kukimbia wanajifunza ladha sasa hivi. Wakizoea kwamba mchuzi ni maji, chumvi na kube, wataendelea hivyo hata siku tutakaporudi milimani na mashamba yakiwa mazima. Kwa hiyo wiki hii naomba mambo mawili tu kwa kila nyumba: kube moja ipungue katika sufuria, na mtu mzima mmoja aende kupimwa tansio. Wiki ijayo aende mwingine.